Usimwulize Mtu

Simu ililia nikiwa bado na ladha ya daku mdomoni. Ilikuwa Alhamisi, katikati ya Ramadhani, mwezi wa Februari mwaka 1995, na nje ya dirisha letu la ghorofa ya kumi na tisa pale mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, ilikuwa giza juu, theluji chini. Nilirukia simu. Siku zile kila simu niliirukia, kwa sababu dada yangu Faiza alikuwa amelazwa hospitalini Saint Paul, saratani imemla ini, na madaktari walikuwa wametuambia tuhesabu siku, wiki tusizitaje.

Haikuwa hospitali. Alikuwa Mama, yuko London.

"Salmin, mwanangu, yule kijana wa watu hakutokea."

Mama alikuwa ametoka Mombasa jana yake. Miaka sitini na tatu hajawahi kuvuka mpaka wa Kenya, na sasa alikuwa peke yake katika kiwanja cha ndege cha London, ameshuka alfajiri, anangoja ndege ya kumleta kwetu itakayoondoka saa kumi na mbili jioni. London inatutangulia kwa saa sita. Kule ilikuwa adhuhuri, kwetu alfajiri. Akipanda ndege ile angefika usiku huohuo, nami ningempeleka moja kwa moja kwa Faiza. Faiza alikuwa na ombi moja tu lililobaki duniani, na kila aliyeingia chumbani mwake alilisikia: nataka kumwona Mama.

Huyo kijana wa watu ni Hemed, mtoto wa jirani yetu wa Kibokoni. Kwa watu wa kwetu hakuna asafiriye mikono mitupu. Ikisikika tu kwamba waenda nje, mlango wako haufungiki: huyu ana halua ya mwanawe, yule ana barua, yule ana dawa ya kifua ya kuchemsha. Mamake Hemed alikuwa amempa Mama kifurushi kilichoshonewa kitambaa, na Hemed alitakiwa kuja kukipokea kiwanjani.

"Umemngoja tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi nimekaa hapa kwenye kiti, nawatazama watu miguu. Sasa nifanyeje? Hii ni amana. Siwezi kuiacha juu ya kiti nikaenda zangu. Na moyo wangu nao hautaki kuondoka hapa."

Hapo ndipo ningepaswa kusema: Mama, kaa hapohapo. Njoo nayo huku, tutairudisha kwa posta. Neno moja.

Lakini Cedar nzima ilijua kwamba mimi nimeishi London miaka miwili. Nilikuwa nimewaambia mimi mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikaa miezi minne, nikiosha sufuria katika jiko la chini ya ardhi, na njia niliyoijua sawasawa ilikuwa ile ya kutoka kitandani kwenda kwenye sinki. Tena sasa nilikuwa dereva wa teksi. Unitupe Apple Valley, nje ya mji, usiku wa dhoruba, taa zimezimika, nitakurudisha Cedar bila kufungua ramani. Mtu kama mimi amwambie mamake kwamba mji fulani haujui?

"Una saa sita, Mama. Saa moja kwenda, saa moja kurudi. Anwani unayo?"

"Iko juu ya kifurushi."

"Basi nenda ukampe mkononi. London naijua."

Nilikuwa na ramani ya treni zao za chini ya ardhi, karatasi niliyoitunza tangu enzi za sufuria, imechakaa kwenye mikunjo. Niliitandaza juu ya meza ya jikoni, nikamsomea. Panda ya buluu iliyokoza, hesabu vituo, shuka Hammersmith, vuka jukwaa, panda ya kijani mpaka kwenye ngome ya wafalme wao. Alirudia kila neno kama anasoma juzuu.

"Nikipotea nimwulize nani? Kiingereza changu wewe wakijua, ni cha sokoni."

"Usimwulize mtu."

"Salmin. Kuuliza si ujinga."

"Mama, nisikilize. Hawa walipokuja Mombasa walimwuliza nani njia? Waliingia wakajenga, wakapanda bendera, wakaita mitaa yetu majina ya babu zao. Leo wewe uende ukasimame mbele yao na kanga yako kama mwombaji? Tembea kama mwenye mji. Ukikwama, nipigie simu. Mimi ndiye utakayemwuliza."

Alicheka kidogo. "Haya, bwana mkubwa," akasema, na simu ikakatika.

Nilijisikia vizuri. Lazima niliseme hili, maana ndilo linaloniuma zaidi. Nilikaa pale jikoni nikamwona mamangu anapita katikati ya London kichwa juu, nikajisikia kwamba kuna deni la zamani linalipwa.

Saa moja na nusu aliingia Doris. Doris ni Mtanzania, alikuja kusoma akabaki, sasa ni nesi katika hospitali ileile aliyolazwa Faiza, na mlango wake unatazamana na wetu. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa viatu vyake vyeupe.

"Kaka Salmin, usiku haukuwa mzuri. Pumzi imebadilika. Anatuuliza mama amefika wapi, tunamwambia kesho, anasema kesho ni mbali. Ndege imeshaondoka?"

"Saa sita mchana zetu. Sasa hivi yuko mjini kidogo."

"Mjini wapi?"

Nikamweleza. Doris alikaa kitini polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Umemtoa bibi mzima kwenye kiwanja cha ndege, amefunga, baridi yote ile, akapeleke halua?"

"Ni amana, Doris."

"Najua amana ni nini, na sisi kwetu Tukuyu tunabebeshana ndizi. Lakini mtu anapokwenda kwa mgonjwa, hata mbuzi akikutana naye njiani anampisha."

Simu ikalia. Mama alikuwa katika kibanda cha simu karibu na ngome. Alinisomea namba iliyoandikwa ukutani, nikampigia mimi.

"Nimefika kwenye ngome," alisema. Alikuwa anahema. "Ni kama ile yetu ya Mombasa, ila hii watu wapiga foleni kuingia kwenye gereza kwa hiari yao. Sasa mtaa wa Hemed siuoni. Hapa vichochoro ni kama vya kwetu Mji wa Kale, vyembamba hivyohivyo, vyapindapinda, kila baada ya hatua kumi jina labadilika. Lakini hakuna barza, Salmin. Hakuna hata mtu mmoja aliyekaa nje ya nyumba yake. Wote wapita mbio kama wamefiwa."

Nilifumba macho. Niliwahi kwenda kwenye ngome ile mara moja, Jumapili moja, pamoja na wapishi wa kule jikoni. Nilikumbuka mto, daraja, na baa.

"Upe mto mgongo. Ngome ikiwa kulia kwako, panda juu, halafu shika kushoto."

"Kushoto? Una hakika?"

"Mama."

"Haya."

Doris alikuwa ananitazama. "Mwambie apande teksi arudi."

"Madereva teksi wa kule watamzungusha mpaka achoke. Mimi nawajua madereva."

"Unawajua kwa kuwa na wewe unazungusha watu," alisema Doris, akainuka akaenda kulala.

Nilikaa na simu mapajani. Shemeji yangu Mohamed, mume wa Faiza, alipiga kutoka hospitalini saa mbili na nusu. Mohamed husafisha maofisi, ni mtu wa maneno machache, na siku ile aliyapunguza zaidi. Aliuliza kama mambo ya ndege yako sawa. Nikasema ndiyo. Akasema Faiza amekunywa maji kijiko kimoja. Nikamwomba akate, nangoja simu.

Saa tatu na robo ndipo Mama alipopiga tena. Saa tisa na robo kule. Alikuwa amezunguka karibu saa mbili. Kushoto kwangu kulimpeleka kwenye mabenki na majumba ya vioo yaliyosimama juu ya makanisa ya kale, akazunguka humo akipita mlango mmoja mara tatu, mpaka miguu yake mwenyewe ikamtoa upande wa pili. Mtaa aliupata. Nyumba aliipata.

"Hemed hayupo, mwanangu. Amehama tangu mwezi wa kumi na mbili, hawajui aliko. Nyumba wanakaa Wabangla, Waislamu wenzetu. Mama wa nyumba amenikaribisha ndani, ananipa simu yake. Kwa ishara tu twasikilizana, na salamu. Hapa ana kijana wake mkubwa anajua kiwanja, asema akishaswali alasiri atanipeleka mpaka mlangoni. Nusu saa tu."

Nilitazama saa ya ukutani. Ndege saa kumi na mbili. Nusu saa ya kungoja, saa moja na dakika nyingi za njia. Ilitosha. Nimeihesabu mara nyingi tangu siku ile. Ilitosha na kubaki. Lakini saa ile nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba kuna kijana mwingine, mgeni, ndiye atakayemfikisha mamangu, na mimi niliyemtuma nimeshindwa.

"Huna nusu saa, Mama. Faiza hali yake si nzuri. Ondoka sasa hivi. Rudi ulikotoka, panda ya kijani, shuka Hammersmith, vuka jukwaa, panda ya buluu iliyokoza. Halafu kaa. Usishuke mpaka mwisho wa njia. Mwisho wa njia ndiyo kiwanja."

"Mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho. Na usimwulize mtu, utachelewa."

Nilimsikia akimuaga yule mama kwa Kiswahili, akimwombea kwa Mungu, na yule mama akiitikia kwa lugha yake.

Ramani ilikuwa mbele yangu. Mstari wa buluu ulitoka Hammersmith kwenda magharibi, na pale ulipopita kwenye mkunjo, karatasi ilikuwa imechanika. Upande wa pili wa mchaniko niliona kiwanja cha ndege, mchoro mdogo wa ndege. Sikuuliza mstari unafanya nini katikati. Kidole changu kiliruka mchaniko kama mtu anavyoruka mfereji.

Saa tano na robo simu ililia.

"Salmin, treni imefika mwisho. Nimeshuka. Hapa hakuna ndege."

"Vipi hakuna ndege?"

"Hakuna. Kuna stesheni, kuna maduka, jua limekuchwa. Nimefuturu kwa maji na tende moja hapa ukutani. Naona watu warudi makwao na vikapu."

"Nisomee jina la kituo."

"Hizi herufi zao." Akajaribu kuzisoma. "Ya kwanza ni *yu*. Ya pili imekaa kama mkasi uliofunguliwa."

Niliinua ramani, nikaisogeza kwenye dirisha, nikaunganisha mchaniko kwa vidole viwili. Mstari ulikuwa unagawanyika. Tawi moja lilishuka kwenye kiwanja. Lingine lilipanda juu, mbali, mpaka mwisho wake, na pale mwisho paliandikwa Uxbridge.

Treni zote mbili ni za buluu. Zote hupita jukwaa lilelile. Mtoto yeyote wa London angemwambia ipi ni ipi. Mtu yeyote. Alikuwa amekaa saa nzima katika behewa lililojaa watu, kulia mtu, kushoto mtu, akihesabu vituo visivyofanana na vile alivyopita mchana, na hakufungua mdomo wake kwa sababu mwanawe alimkataza.

"Salmin? Nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Ndege nitaipata?"

Dakika arobaini zilikuwa zimebaki. Nikamwambia hivyo. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama afanyavyo anapojizuia mbele za watu.

"Basi nitafika vipi kiwanjani?"

"Mama... sijui."

"Nini?"

"Sijui njia ya kutoka hapo. Mwulize mtu."

Alimwuliza mtu. Baadaye nilisikia kwamba mwanamke mmoja mzee, Mwingereza, alimshika mkono akampandisha basi, akapanda naye, akashuka naye kiwanjani, akasimama naye kwenye dirisha la tiketi mpaka wakampa nafasi katika ndege ya kesho yake, saa ileile. Mama alilala juu ya viti.

Alasiri nilivuka mto kwenda Saint Paul. Chumba cha Faiza kilikuwa na joto la kupita kiasi. Alikuwa amepungua mpaka mto wake ulionekana mkubwa, macho ya manjano, lakini alinijua.

"Mama yuko wapi?"

Mohamed alikuwa amesimama dirishani. Nilikuwa nimemwambia kila kitu ukumbini. Sasa aligeuka, akanitazama, akingoja kama mimi nitasema kweli.

"Yuko hewani," nilisema. "Usiku anaingia."

Faiza alitabasamu. "Basi niinulieni mto. Nataka nimwone akiingia mlangoni."

Tulimwinua. Doris alipoingia zamu alitaka kumlaza vizuri apumue, akakataa. Alikaa hivyo, uso mlangoni. Kila kiatu kilipopita ukumbini alifungua macho. Ilipopita saa ambayo ndege ingekuwa imeshatua, aliniuliza kama barabara zina theluji nyingi. Nikasema nyingi sana. Akasema, mwambieni Mama asiharakishe, isije ikawa ajali. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho lililosikika sawasawa. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, watu wakiwa kwenye daku, akiwa amegeukia mlango.

Nilirudi Cedar kwa sababu Mama angepiga nyumbani. Alipiga saa kumi na mbili na nusu.

"Vipi mgonjwa?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, juu ya daraja, nimeyapanga kwa mizani kama mtu atakayesimama mbele ya watu. Yote yalitoweka.

"Faiza ametutoka, Mama."

Nilisikia kiwanja cha London nyuma yake, vipaza sauti vikiita watu wa miji mingine.

"Inna lillahi," alisema. "Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

Alikuwa anahesabu. Najua, kwa sababu alichukua muda uleule niliochukua mimi kuhesabu. Angefika saa sita usiku. Angekaa naye kwa muda wa saa tano. Hakuyasema.

"Alijua kwamba nimekwama?"

Ningeweza kuongeza uongo juu ya uongo. "Nilimwambia uko hewani. Alikungoja usiku kucha. Alikataa kulala."

Halafu nikamwambia na lile jingine.

"Mama, mimi London siijui. Sikuwahi kuijua. Nilikaa miezi minne nikiosha vyombo."

"Nilijua jana, uliponiambia kushoto," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na ningefurahi kama ingekuwa nayo. "Mtu anayejua njia hujibu polepole. Nilinyamaza nisikuvunje."

Yeye ndiye aliyeendelea.

"Mtamzika lini?"

"Mohamed ataka leo, baada ya swala ya Ijumaa. Mimi nimekataa. Hospitali itamhifadhi. Wewe unafika usiku, kesho asubuhi utamwona uso, utamwosha kwa mikono yako, halafu tumzike. Sema neno tu, Mama, Mohamed hawezi kukukatalia wewe."

"Mzikeni leo."

"Mama—"

"Ijumaa ya Ramadhani, na mtu ameshatoka duniani. Watafute wanawake wamwoshe. Aliningoja usiku kucha, Salmin. Msimngojeshe tena kwa ajili yangu."

"Hutamwona."

"Sitamwona," alisema. Halafu akaniambia niende nikalale kidogo, maana nitakuwa na kazi, na simu ikakatika.

Wanawake wanne kutoka msikitini walimwosha. Doris alisimama nje ya mlango na taulo, mikono imefungwa kifuani, kwa sababu si dini yake lakini hakutaka kuondoka. Swala ilikuwa fupi. Watu wengi hawakumjua Faiza, walikuja kwa kuwa ni maiti ya Mwislamu na ni Ijumaa.

Makaburini ardhi ilikuwa imeganda ikabidi ikatwe kwa mashine, na kuta za kaburi zilikuwa laini na ngumu kama za saruji. Mwanamke hushushwa na maharimu wake, wanaume wa karibu yake. Mimi ndiye ndugu wa kiume, basi nilivua koti nikashuka, Mohamed akabaki juu kumpokeza. Kule chini upepo ulikuwa haufiki. Nilimpokea. Alikuwa mwepesi kuliko begi ninalowabebea abiria.

Nilipomlaza, nilijikuta nimesimama kati ya kuta nne zinazofanana, na juu yangu mbingu nyeupe bila jua. Nilikuwa nimeiendesha teksi katika mji huu miaka minne. Nilitazama kuta zote nne.

"Shemeji," nikasema, "kibla ni wapi?"

Mohamed hakunitazama. Alinyoosha mkono juu ya kichwa changu, akaonyesha, akaushikilia hapo mpaka nilipokwisha kumgeuza.